Neva za jino zikishatolewa, maumivu yanayobaki yanatoka wapi?

Msafiri wa Korogwe (#1)
Habari za jioni wakuu. Naleta hoja, na atakayeipinga anipe sababu. Jino ambalo mizizi yake imesafishwa, neva zikatolewa na mifereji yake ikazibwa, halina tena kitu cha kuhisi maumivu; kwa hiyo likiendelea kuuma, kuna jambo ambalo halikufanyika sawasawa. Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilitibiwa hivyo mwanzoni mwa juma hili. Yale maumivu ya kupwita usiku, yaliyokuwa yakipanda hadi sikioni, yamekwisha kabisa. Yamekuja mengine: nikikutanisha meno tu, hata kwa tonge laini la ugali, gego linauma kwa ndani na nahisi limekuwa refu kuliko wenzake. Daktari amesema ni kawaida, nisubiri. Jirani zangu wananihimiza nikaling'oe kabla halijaniletea makubwa. Naomba mnieleze maumivu haya yanatoka wapi, na mtu avumilie hadi lini.

Tabibu wa Area C (#2)
Pole sana ndugu. Mimi ni daktari wa meno, nafanya kazi Dodoma. Hoja yako ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya watu wang'oe meno mazima.

Kilichotolewa ni kiini cha jino, yaani ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Ndiyo maana mpwito wa usiku umekoma, na ndiyo maana maji baridi hayakusumbui tena. Lakini jino halikugandishwa kwenye mfupa wa taya. Limeshikiliwa na nyuzi nyembamba zinazouzunguka mzizi wote, na nyuzi hizo zina neva zake zenyewe ambazo hakuna daktari anayezigusa wala anayetaka kuzitoa. Wadudu waliokuwa ndani ya jino walikuwa wameshazichokoza kupitia tundu la ncha ya mzizi. Kisha tukaja sisi na sindano ya ganzi, na vile visindano vya chuma vya kukwangulia mifereji, na dawa ya kuoshea, ambayo kwa kawaida ni hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ile ile iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Hata kazi ikifanyika kwa uangalifu mkubwa, uchafu kidogo unaweza kusukumwa nje ya ncha ya mzizi, na mwili ukaupokea kwa uvimbe. Hali hiyo ni kama kifundo cha mguu kilichoteguka: ukikipumzisha kinapoa, ukikikanyagia kila saa kinakukumbusha.

Kuhusu muda, majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kabla ya tiba wagonjwa kama 8 kati ya 10 walikuwa na maumivu, siku moja baada ya tiba wakabaki 4 kati ya 10, na juma moja baadaye akabaki kama 1 kati ya 10. Kwa hiyo kuuma siku hizi za mwanzo si ushahidi kwamba kazi imeharibika. Swali la maana ni mwelekeo: leo yamepungua kuliko jana, au yanapanda?

Mama Wawili (#3)
Pole kaka. Yangu yalikuwa hivyo hivyo, na tatizo lilikuwa kiraka, yaani kile kizibo cha juu ya jino, kilichozidi kimo. Nilikuwa nahisi jino limeinuka, nikadhani ni uvimbe, nikameza dawa mfululizo. Niliporudi kliniki, daktari aliniwekea karatasi nyembamba ya rangi katikati ya meno, akaniambia niume na nisage upande hadi upande. Ilipotoka, gego lile lilikuwa na doa moja la buluu, zito, kwenye kona ya nyuma, na meno mengine yalikuwa na vivuli tu. Akasaga kona ile kidogo sana. Kabla sijafika stendi nilikuwa naweza kufunga kinywa bila kukunja uso. Rudi wakakupime kwa karatasi hiyo kabla hujafikiria jambo jingine lolote.

Kijana wa Pasua (#4)
Dada hapo juu umesema vizuri, lakini kwa uzoefu wa familia yetu sababu kubwa ni mfereji uliosahaulika. Kaka yangu alitibiwa gego la juu, akaambiwa lina mifereji mitatu na yote imezibwa. Jino likaendelea kuuma kwa miezi, safari hii kwa joto, jambo ambalo jino lisilo na neva halipaswi kulifanya. Hospitali nyingine wakaupata wa nne. Nawashauri watu wasikubali kirahisi kuambiwa wavumilie.

Tabibu wa Area C (#5)
Kijana wa Pasua, kisa cha kaka yako kinawezekana kabisa. Gego la kwanza la juu lina mfereji wa nne mara nyingi mno. Umejificha kwenye mzizi wa mbele, upande wa shavu, na ni mwembamba kiasi kwamba bila mwanga mzuri na miwani ya kukuza ni rahisi kuupita. Jino linaloitika kwa joto baada ya mizizi kuzibwa linatufanya tuufikirie mfereji huo mapema. Ila mleta uzi anazungumzia gego la chini, anazungumzia siku chache na si miezi, na anaumia akiuma chakula, si akinywa chai. Dalili hizo bado zinaelekea kwenye nyuzi au kwenye kimo cha kiraka alichokitaja Mama Wawili. Hata meno ya chini ya mbele, ambayo watu huyadhania kuwa mepesi, wakati mwingine yana mifereji miwili, kwa hiyo sisemi kwamba jambo hilo halimhusu kamwe.

Mzee wa Upanga (#6)
Vijana wangu, nawasoma kwa makini. Zamani tulikuwa tunawekewa dawa ya kuua mshipa, tunafungwa kiraka, tunarudi nyumbani kusubiri mshipa ufe, na usiku wa kwanza hakuna aliyelala. Leo mtu anatoka kwenye kiti anazungumza na simu. Nawaomba msiwatishe wanaoahirisha tiba hii kwa woga, kwa sababu jipu la jino lililoachwa linaumiza kuliko haya yote mnayoyasimulia.

Tabibu wa Area C (#7)
Shikamoo Mzee. Ni kweli, dawa hizo za zamani nyingi zilikuwa na arseniki, ambayo iliua kiini, na ikivuja iliua pia fizi na mfupa. Imeachwa kwa sababu hiyo.

Nikuongezee jambo moja kuhusu ganzi, kwa kuwa watu wengi wanaogopa sindano kutokana na simulizi. Jino lenye uvimbe mkali ndani ni gumu kulifisha ganzi, hasa magego ya chini, kwa sababu tishu zilizovimba zina asidi nyingi na dawa haipenyi inavyotakiwa. Mgonjwa akisema bado anasikia, anasema kweli. Aongezewe ganzi, asiambiwe ajikaze.

Binti wa Wete (#8)
Amani kwenu. Kwetu Pemba jambo la kwanza ni karafuu. Je, mtu aliyetibiwa mzizi anaweza kutafuna karafuu au kupaka mafuta yake ili kupunguza maumivu haya?

Tabibu wa Area C (#9)
Bibie, kiambata chenye nguvu katika karafuu zenu kinaitwa yujenoli, na sisi tunakitumia kliniki kila siku: tunakichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kiraka cha muda. Ile harufu ya karafuu mgonjwa anayoisikia akitoka kwetu inatoka humo. Kinatuliza jino ambalo kiini chake bado kipo. Katika jino ambalo mifereji yake imeshazibwa, mafuta ya karafuu hayafiki mahali panapouma, kwa sababu maumivu yako chini, kwenye mfupa, na mafuta yanaishia juu ya fizi. Yakiwa makali yanaiunguza fizi, na mgonjwa anapata kidonda juu ya maumivu aliyokuwa nayo. Tonge la aspirini lililosagwa na kubandikwa kwenye fizi lina hatari ile ile. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yanatosha kusukutulia, na kitambaa chenye barafu juu ya shavu kinasaidia siku ya kwanza.

Mfamasia wa Nyamagana (#10)
Niingie kwenye dawa, kwa sababu dirishani kwangu ndiko ninakoona makosa. Mtu anakuja kutoka kutibiwa mzizi, anaomba amoksilini na metronidazoli bila cheti, akiamini kwamba maumivu maana yake ni wadudu. Antibiotiki haziondoi maumivu ya nyuzi zilizochokozwa. Zina nafasi pale palipo na homa, uvimbe unaosambaa au usaha unaoenea, na hata hapo haziwi mbadala wa kulifungua jino na kulisafisha.

Kinachofanya kazi kwa watu wazima wengi ni ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1, mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache tu. Dawa hizi mbili zinapita njia tofauti mwilini, ndiyo maana kwa pamoja zina nguvu kuliko moja peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za namna hii, au mama mjamzito asiguse ibuprofeni bila kumwuliza daktari. Mtu yeyote asiichanganye na diklofenaki, kwa sababu ni ndugu wa ukoo mmoja na madhara kwa tumbo na figo yanajumlishwa. Kuna vidonge vinavyouzwa sana ambavyo ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Mtu anavimeza, kisha anaongeza parasetamoli nyingine bila kujua kwamba anarudia dawa ile ile. Wanaofunga Ramadhani wazinywe baada ya futari na baada ya daku, tumbo likiwa na chakula.

Msafiri wa Korogwe (#11)
Nawashukuru wote. Namjibu Tabibu: mwelekeo ni wa kupungua, ingawa polepole. Nikiligonga kwa ukucha linaitika, joto na baridi silisikii, wala sina homa. Mdomo wenyewe hata hivyo hautaki kufunguka wote, na misuli ya shavu inauma asubuhi. Hilo linatokana na jino au ni jambo jingine?

Nesi wa Ipogolo (#12)
Kaka, ulikaa na kinywa wazi muda gani? Misuli ya kutafunia haikuzoea kukaa hivyo, na sindano ya ganzi ya taya la chini inapita jirani kabisa na mmoja wao. Kukaza kwa siku kadhaa ni jambo la kawaida. Kanda shavu kwa kitambaa cha uvuguvugu na ufungue kinywa taratibu mara kwa mara.

Ila niwaambie wasomaji wengine, maana nimewapokea wagonjwa hao usiku. Kinywa kinachozidi kukaza huku uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi unainuliwa, mate hayamezeki, sauti inabadilika, au jicho linafumba kwa uvimbe, hayo si maumivu ya kusubiri yapoe. Mtu huyo afike hospitali usiku huo huo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Mswahili wa Muscat (#13)
Assalaam aleikum. Sisi tulio Oman tukija likizo nyumbani tunataka jino limalizwe kwa kikao kimoja, na madaktari wengine wanakataa wakisema lazima iwekwe dawa kwanza, turudi baadaye. Naamini kikao kimoja ndicho chanzo cha maumivu mengi, kwani daktari anaharakisha. Hilo ni sahihi?

Tabibu wa Area C (#14)
Waaleikum salaam. Tathmini za Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, zimelichunguza jambo hili. Kwa kupona kwa muda mrefu hazikuona tofauti ya maana kati ya kikao kimoja na vikao vingi, lakini waliomalizwa kwa kikao kimoja waliripoti maumivu zaidi katika juma la kwanza. Kwa hiyo umegusa jambo la kweli, ingawa siafiki kwamba sababu yake ni haraka. Kunapokuwa na usaha unaotoka kwenye mfereji na hautaki kukauka, mimi naweka dawa ya haidroksaidi ya kalisi na kufunga kwa muda, hata kama tiketi ya mgonjwa ni ya kesho. Kiini kikiwa bado hai na mifereji ni mikavu, namaliza siku hiyo hiyo.

Mwenyeji wa Njombe (#15)
Kuna sababu ambayo hamjaitaja, na huku kwetu wakati wa baridi inatusumbua. Magego ya juu mizizi yake inafika jirani sana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Mafua yakiujaza uwazi huo, meno ya juu yote ya upande mmoja yanauma, na mtu aliyetibiwa mzizi karibuni analilaumu jino lake. Ukiinama kufunga kamba za viatu na maumivu yakaongezeka, na pua ikawa imeziba upande huo huo, anza na pua.

Mkaazi wa Gerezani (#16)
Jino lisilo na damu wala neva ni jino lililokufa, na kitu kilichokufa kinatoa sumu mwilini. Nimesoma kwamba kuna daktari wa Marekani aliyethibitisha kuwa meno ya namna hii yanaleta magonjwa ya moyo na ya viungo. Wanaomwambia mleta uzi aling'oe wana hoja.

Tabibu wa Area C (#17)
Unamzungumzia Weston Price, aliyefanya majaribio yake mwanzoni mwa karne ya 20, akipandikiza vipande vya meno yenye maambukizi kwenye miili ya sungura. Majaribio hayo hayakuwa na usafi wala vilinganishi vya kutosha, na waliokuja kuyarudia kwa utaratibu bora hawakupata matokeo yake. Wakati nadharia hiyo ilipotamba, watu waling'olewa meno mengi na magonjwa yao ya viungo hayakupona. Jino lililosafishwa linaendelea kushikwa na nyuzi hai na mfupa hai. Kinachodhuru mwili ni maambukizi yaliyoachwa ndani, na hayo ndiyo tunayoyatoa.

Mkaazi wa Gerezani (#18)
Nimekusoma, Tabibu, lakini bado sijaridhika. Kama mfupa ulikuwa na tundu jeusi kwenye picha kabla ya tiba, na baada ya tiba tundu lipo, mgonjwa anajuaje kwamba maambukizi yametoka?

Tabibu wa Area C (#19)
Hilo ni swali zuri. Mfupa haujazi tundu kwa wiki. Tunapiga picha baada ya mwaka mmoja, na kama tundu limepungua bila kufutika tunaendelea kulifuatilia hata kufikia miaka minne. Maumivu yanaweza kwisha mapema sana kabla picha haijabadilika, na picha inaweza kuwa mbaya kwa mtu asiyeumwa kabisa.

Dada wa Kawangware (#20)
Naandika kutoka Nairobi, na naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu kisa changu hakimo katika sababu zote zilizotajwa. Nilikuwa napata maumivu ya kuchoma upande mmoja wa uso, yanakuja ghafla, yanadumu sekunde chache na kuondoka, kisha yanarudi nikinawa uso au upepo ukinipiga shavuni. Gego lilitibiwa mzizi. Maumivu yakaendelea. Likang'olewa, na maumivu yakaendelea pale pale mahali ambapo hapakuwa na jino tena. Wakanishauri nitibu gego la jirani yake, na hapo nikakataa. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyenieleza kwamba tatizo liko kwenye neva ya trijemina inayohudumia uso, akanianzishia kabamazepini, ambayo inatolewa kwa cheti na kwa kupima damu. Meno yangu hayakuwa na kosa. Yeyote ambaye maumivu yake yanafanana na shoti ya umeme, na picha za jino ni safi, asikubali jino la pili liguswe kabla hajamwona daktari wa namna hiyo.

Kijana wa Pasua (#21)
Pole sana dada. Lakini huoni kwamba ushauri huo unaweza kuwapa madaktari wazembe pa kujifichia? Kila mfereji ukisahauliwa watasema ni neva ya uso.

Dada wa Kawangware (#22)
Hapana, ndugu yangu. Mimi nasema jino lipimwe kwanza kwa ukamilifu, mifereji yote itafutwe, kimo kipimwe, na kama hakuna kitu, ndipo tuache kulichokoza. Katika majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010, wagonjwa kama 5 kati ya 100 walikuwa bado na maumivu miezi 6 au zaidi baada ya tiba ya mzizi. Hao si wachache ukizingatia idadi ya watu wanaotibiwa, na sababu yao haiwezi kuwa moja.

Mama Selemani (#23)
Mwanangu ana selimundu. Alipata maumivu makali ya taya na meno ambayo hayakuwa hata na tundu, na bahati njema daktari aliuliza kuhusu ugonjwa wake kabla ya kushika chombo. Chembe zinazoziba mishipa midogo ya damu zinaweza kuziba hata ile ya taya na ya ndani ya jino. Wenye ugonjwa huu waseme mapema wakiketi kwenye kiti, na wenye kisukari vile vile, maana kupona kwao ni kwa taratibu.

Fundi wa Mabibo (#24)
Swali langu ni la pesa. Gego langu la chini limezibwa mizizi na maumivu yamekwisha, lakini nimeambiwa nilipie kofia ya kulifunika jino lote, na sina uwezo hadi mwezi ujao au unaofuata. Nikitafunia tu upande huo kuna ubaya gani, ikiwa haliumi?

Tabibu wa Area C (#25)
Ubaya upo, fundi. Gego hilo limechimbwa katikati, na kuta zilizobaki ni nyembamba. Mfupa mmoja wa kuku unatosha kulipasua wima hadi kwenye mzizi, na jino lililopasuka hivyo mara nyingi haliokoki. Kiraka cha muda nacho kinavuja kikikaa sana, mate yanaingia, wadudu wanarudi kwenye mifereji tuliyoisafisha. Kama kofia haiwezekani sasa, mwombe daktari wako akuwekee kiraka cha kudumu kinachofunika ncha zote za gego, na utafunie upande wa pili hadi utakapojaliwa.

Mgeni wa Singida (#26)
Natanguliza shukrani. Jino langu la mbele lilitibiwa mzizi nikiwa sekondari, na halikuwahi kunisumbua hadi juzi. Limeanza kuuma nikibonyeza midomo, na juu yake kwenye fizi pametokea kipele kinachotoa maji machungu kisha kinanywea. Hili linaingia kwenye sababu ipi kati ya zote mlizozitaja?

Mama Wawili (#27)
Kipele hicho ni njia ya usaha, kaka. Usikitumbue.

Kijana wa Pasua (#28)
Huo ni mfereji uliosahaulika tangu shule.

Tabibu wa Area C (#29)
Inawezekana, au kiraka cha juu kimelika na mate yamekuwa yakipenya miaka yote hii, au mzizi umepasuka, hasa kama jino hilo lina nondo ya chuma ndani yake. Mwombe daktari apige picha huku ameingiza kijiti chembamba cha gatapecha, ule mpira tunaozibia mifereji, ndani ya kipele chenyewe. Kijiti hicho kinaonekana kwenye eksirei na kitatuonyesha usaha unatoka ncha ya mzizi au ubavuni mwake. Jino liliwahi kupigwa au kuanguka nalo?

Mgeni wa Singida (#30)
Ndiyo, lilivunjika kona nikicheza mpira, na ndiyo sababu lilitibiwa. Nondo sijui kama ipo. Kesho nakwenda kupiga hiyo picha.